Mary Pickford: Binti wa mjane wa Toronto aliyejua thamani ya jasho lake

TORONTO, Canada

Mwaka 1973 kilizinduliwa kibao cha kumbukumbu katika barabara ya University Avenue, katikati ya jiji la Toronto, mahali ilipo hospitali kubwa ya watoto ya jiji hilo. Kibao hicho kiliwekwa ili kuonyesha mahali ilipokuwa nyumba alimozaliwa Mary Pickford, mcheza filamu ambaye katika miaka ya 1910 na 1920 alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri kabisa duniani. Aliyekizindua alikuwa mumewe, Buddy Rogers. Hata hivyo maandishi yake yana kosa moja. Yanasema kwamba Mary alizaliwa tarehe 8 Aprili 1893, ilhali mwaka wenyewe ni 1892.

Kosa hilo halikuanza kwa waliokichonga kibao. Tangu utotoni Mary aliwaacha watu waamini kwamba ana umri mdogo kwa mwaka mmoja, na katika kazi ya kuigiza watoto mwaka mmoja si kitu kidogo. Hadi alipopita miaka 30 watazamaji walikuwa bado wanamtaka awe msichana mdogo mwenye nywele ndefu za dhahabu zilizojiviringa. Nywele hizo ndizo zinazokumbukwa na wengi hadi leo. Lakini urithi mkubwa aliouacha ni mwingine. Mwanamke huyo alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza kudai sehemu ya faida ya kazi yao, na kisha kuimiliki kazi yenyewe.

Yatima wa Toronto

Jina alilopewa na wazazi wake ni Gladys Louise Smith. Baba yake, John Charles Smith, alikuwa mtu wa vibarua vya hapa na pale, naye alisumbuliwa na ulevi. Mama yake, Charlotte Hennessey, alitoka katika ukoo wa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Gladys alikuwa kifungua mimba, akifuatiwa na Lottie na Jack.

Mwaka 1898 baba huyo alifariki dunia kutokana na majeraha aliyoyapata kazini katika meli za Niagara. Gladys alikuwa hajatimiza miaka sita. Mama mjane akabaki na watoto watatu, akawa anashona nguo na kupokea wapangaji ili mkono uende kinywani. Katika kumbukumbu zake za baadaye, Mary alisimulia kwamba daktari mmoja wa Toronto aliyekuwa na uwezo alitaka kumchukua amlee kama mtoto wake. Msichana huyo alipotambua kwamba angetengana na mama na wadogo zake, alikataa. Tangu siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alijiona kuwa ndiye mwenye jukumu la kuilisha nyumba.

Njia ilipatikana kupitia chumba cha kupangisha. Mmoja wa wapangaji alikuwa msimamizi wa jukwaa katika kundi la maigizo, naye akashauri watoto wapewe nafasi za kuigiza. Charlotte alisita, kwani zama hizo waigizaji hawakuhesabiwa kuwa watu wa heshima. Lakini njaa haina adabu. Mwezi Januari mwaka 1900 Gladys alipanda jukwaani katika ukumbi wa Princess mjini Toronto, katika mchezo wa The Silver King. Alipewa nafasi mbili ndogo, moja ya msichana na nyingine ya mvulana, huku mama yake akipiga kinanda.

Kwa miaka kadhaa iliyofuata familia nzima ilisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji nchini Marekani na makundi ya maigizo yasiyo na jina. Walilala katika nyumba za bei rahisi, na wakati mwingine walitenganishwa kila mmoja na kundi lake. Msomaji aliyeiacha nchi yake kwenda kutafuta maisha ugenini hatahitaji kuelezwa sana juu ya safari za namna hiyo.

Mwaka 1907 Gladys, akiwa na miaka 15, aliamua kwamba asipopata nafasi Broadway, kitovu cha maigizo mjini New York, ataachana na kazi hiyo. Akafanikiwa kukutana na mtayarishaji mashuhuri David Belasco, ambaye alimpa nafasi katika mchezo wa The Warrens of Virginia. Belasco hakulipenda jina la Gladys Smith. Ndipo likazaliwa jina la Mary Pickford.

Dola 10 kwa siku

Mchezo ulipokwisha, hali ya fedha ikawa ngumu tena. Mwezi Aprili 1909 Mary alibisha hodi katika kampuni ya filamu ya Biograph, New York, ambako mwongozaji alikuwa D. W. Griffith. Kwa mtu wa jukwaa hiyo ilikuwa ni kujishusha, kwa sababu sinema bubu za wakati huo zilionekana kuwa burudani ya makabwela. Malipo ya kawaida kwa mwigizaji yalikuwa dola 5 kwa siku. Binti huyo wa miaka 17 alidai dola 10 na akapewa.

Mwaka huo mmoja alionekana katika filamu fupi 51. Alicheza kama mama, kijakazi, mwanamke mwenye wivu na msichana wa mitaani. Majina ya waigizaji hayakuandikwa kwenye filamu, na makampuni yalikuwa na sababu ya kupendelea hali hiyo, kwani mwigizaji asiye na jina hana nguvu ya kudai nyongeza. Lakini watazamaji walianza kumtambua kwa sura, wakawa wanauliza juu ya msichana mwenye nywele za dhahabu, na wenye kumbi wakaitumia sura hiyo kuvutia wateja. Mary alilitambua jambo hilo mapema kuliko waajiri wake: kama watu wanalipa kiingilio kwa ajili yake, basi sehemu ya kiingilio hicho ni yake.

Kutoka hapo alihama kampuni kila alipoona anapunjwa. Akaenda kwa Carl Laemmle kwa dola 175 kwa wiki, akarudi Biograph, akarudi jukwaani kwa Belasco, na mwaka 1913 akajiunga na kampuni ya Famous Players ya Adolph Zukor, mhamiaji kutoka Hungary. Filamu ya Tess of the Storm Country ya mwaka 1914 ilimfanya nyota asiye na mpinzani. Mama yake Charlotte ndiye aliyekaa naye mezani kujadili mikataba, na mjane huyo aliyezoea kuhesabu senti za wapangaji hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

Mwezi Juni 1916 Mary alitia saini mkataba na Zukor uliomhakikishia dola 10,000 kwa wiki, nusu ya faida ya filamu zake, na kampuni yake mwenyewe ya utayarishaji. Ili kuelewa ukubwa wa fedha hizo, ikumbukwe kwamba miaka miwili kabla ya hapo dunia ilistaajabu Henry Ford alipotangaza kuwalipa wafanyakazi wa kiwanda chake cha magari dola 5 kwa siku. Mshahara wa wiki moja wa Mary ungewalipa zaidi ya wafanyakazi 300 wa Ford kwa wiki hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Lakini fedha hazikuwa kila kitu. Mkataba ulimpa pia sauti katika kuchagua hadithi, waongozaji na watu wa kamera. Rafiki yake Frances Marion alimwandikia miswada ya filamu zilizopendwa sana, zikiwemo The Poor Little Rich Girl na Rebecca of Sunnybrook Farm, zote za mwaka 1917. Katika Stella Maris ya mwaka 1918 alicheza nafasi mbili, msichana tajiri mlemavu na yatima mwenye sura mbaya anayeteswa, kwa namna ambayo hata leo mtazamaji anaweza kusahau kuwa ni mtu mmoja.

Wanne waliojitoa kwa matajiri

Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mary alizunguka Marekani pamoja na Charlie Chaplin na Douglas Fairbanks wakihamasisha wananchi wanunue hati za dhamana za serikali. Umati uliojitokeza ulionyesha kwamba waigizaji hao walikuwa na nguvu kuliko makampuni yaliyowaajiri. Makampuni nayo yaliliona hilo. Zikaanza kusikika habari kwamba makampuni makubwa yanataka kuungana, na moja ya shabaha ilikuwa kuidhibiti mishahara ya nyota.

Jibu lilikuja tarehe 5 Februari 1919. Pickford, Chaplin, Fairbanks na Griffith walianzisha kampuni ya United Artists. Kampuni hiyo haikuwa na waigizaji wa kuajiriwa. Kila mwanachama alitayarisha filamu yake kwa fedha alizozitafuta mwenyewe, na kampuni ikaisambaza kwenye kumbi. Faida ikarudi kwa mwenye kazi, na hasara vilevile. Katika wanne hao mwanamke alikuwa mmoja tu, katika mwaka ambao wanawake wa Marekani nchi nzima walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura.

Mwaka uliofuata, baada ya kuachana na mume wake wa kwanza, mwigizaji Owen Moore, Mary aliolewa na Fairbanks. Baadhi ya watu walihofia kwamba talaka hiyo ingemwangusha. Badala yake, wawili hao walipokwenda fungate Ulaya, umati mjini London ulikuwa mkubwa kiasi cha kutishia usalama wao. Nyumba yao ya Pickfair huko Beverly Hills ikawa mahali ambapo wageni mashuhuri walitamani kualikwa. Walipotembelea Moscow mwaka 1926 walipokewa kwa shangwe, na picha zilizopigwa katika ziara hiyo zikatumika ndani ya filamu ya Kisovieti iliyotoka mwaka 1927.

Mateka wa nywele zake

Hata hivyo umaarufu huo ulikuwa na kufuli. Mary alikuwa mfupi wa kimo, na mafundi wake walitengeneza viti na milango mikubwa kupita kiasi ili aonekane mtoto. Alipojaribu kujitoa, kama katika filamu ya Rosita ya mwaka 1923 iliyoongozwa na Ernst Lubitsch, watazamaji wengi walibaki wakimtaka yule wa zamani. Mwaka 1925 aliwauliza wasomaji wa gazeti moja la sinema wangependa kumwona akicheza nafasi gani. Majibu mengi yalikuwa ya wasichana wadogo wa hadithi za watoto. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 33, alicheza kama mtoto wa miaka 12 katika Little Annie Rooney. Aliyekuwa bosi wa kampuni hakuweza kuwaamuru watazamaji.

Mwezi Machi 1928 mama yake alifariki dunia. Charlotte alikuwa mshauri, mhasibu na ngome yake. Miezi mitatu baadaye Mary alikwenda kwa kinyozi mjini New York akakata nywele zake. Magazeti yaliipa habari hiyo ukurasa wa mbele, na mashabiki wengi waliumia kana kwamba wamefiwa.

Wakati huo huo filamu za sauti ziliingia. Mary alijitosa mapema. Filamu yake ya kwanza ya sauti, Coquette ya mwaka 1929, ilimpatia tuzo ya Oscar, akawa mwanamke wa pili kupata tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Lakini mwanamke wa kisasa mwenye nywele fupi hakuwa yule waliyemzoea. Filamu ya The Taming of the Shrew aliyoigiza pamoja na Fairbanks, kisha Kiki ya mwaka 1931, hazikurudisha enzi zake. Mwaka 1933 alicheza Secrets, ikawa ya mwisho. Alikuwa na miaka 41 na filamu zaidi ya 200 nyuma yake, nyingi zikiwa fupi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba. Mdogo wake Jack alifariki mwaka 1933 na Lottie mwaka 1936. Ulevi uliomsumbua baba uliwafuata watoto, na Mary mwenyewe hakusalimika. Ndoa yake na Fairbanks ilivunjika mwaka 1936, na Fairbanks akafariki mwaka 1939. Mwaka 1937 aliolewa na Buddy Rogers, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 10, na wakaasili watoto wawili.

Mashua ya Ziwa Albert

Katika biashara Mary hakutoka haraka. Kufikia mwaka 1951 United Artists ilikuwa taabani, wenye hisa wakiwa wamebaki wawili tu, yeye na Chaplin, ambao mara nyingi hawakuelewana. Wakakubali kuwakabidhi uongozi wanasheria wawili, Arthur Krim na Robert Benjamin. Moja ya filamu zilizoinua kampuni hiyo tena ilikuwa The African Queen, inayosimulia safari ya mashua katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Filamu hiyo ilipigwa katika misitu ya Congo na huko Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, kwa kutumia mashua halisi ya ziwa hilo. Mwongozaji wake alikuwa John Huston, ambaye baba yake, mwigizaji Walter Huston, naye alizaliwa Toronto. Hivyo mashua ya maji ya Afrika Mashariki iliisaidia kuokoka kampuni ya binti wa University Avenue.

Chaplin aliuza hisa zake mwaka 1955, na Mary akauza za kwake mwaka uliofuata kwa dola milioni 3. Kampuni iliendelea bila wao, na mwaka 1962 ikasambaza Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond, mfululizo ambao baadaye ulijaza kumbi za sinema hata katika miji ya Afrika Mashariki.

Kuna urithi mwingine usiotajwa sana. Mwaka 1921 Mary alishiriki kuanzisha mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wa filamu walioanguka kimaisha. Miaka ya 1930 alipigania mpango ambao kila aliyekuwa na kipato kizuri Hollywood alikatwa nusu ya asilimia moja ya mshahara kwa ajili ya mfuko huo. Fedha hizo zilisaidia kununua ardhi ambako mwaka 1942 yalifunguliwa makazi ya wazee wa tasnia ya filamu. Aliyewahi kuona mama mjane akihangaika hakuhitaji kuambiwa kwamba makofi ya watazamaji hayanunui dawa.

Kurudi nyumbani kwa karatasi

Katika uzee wake Mary alijifungia Pickfair, akiwaona watu wachache. Mwaka 1976 alipewa Oscar ya heshima, na waandaaji ikawabidi kumpelekea nyumbani. Watazamaji wa televisheni walimwona bibi kizee dhaifu, wengi wao bila kujua kwamba alikuwa mmoja wa watu 36 walioanzisha taasisi inayotoa tuzo hizo, mwaka 1927.

Jambo moja lilikuwa bado moyoni mwake. Kwa sheria za zama zake, mwanamke alifuata uraia wa mume, na Mary aliamini kwamba alipoolewa na Fairbanks mwaka 1920 aliupoteza uhusiano wake wa kisheria na Canada. Uraia wa Canada wenyewe ulianza kisheria tarehe 1 Januari 1947, yeye akiwa mbali. Mwishoni mwa maisha yake aliiomba serikali ya Canada imtambue kuwa raia wake, na akakubaliwa. Alifariki dunia tarehe 29 Mei 1979 mjini Santa Monica, California, akiwa na miaka 87, akiwa raia wa nchi zote mbili.

Wasomaji wetu walio ughaibuni wanaijua uzito habari hiyo. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika katiba ya mwaka 2010, na kwa Watanzania suala hilo limekuwa la mjadala wa miaka mingi. Bibi huyo alikuwa na mali na jina, na hakuna alichokosa Marekani. Hata hivyo aliitaka karatasi ya nchi ambayo aliiacha akiwa mtoto kwa sababu ya umaskini.

Nyumba ya Pickfair ilibomolewa mwaka 1990. Filamu zake nyingi za mwanzo zilipotea, ingawa bahati nayo ilitokea: mwaka 2006 fundi aliyekuwa akibomoa banda la zamani katika jimbo la New Hampshire alikuta filamu kadhaa za kale, mojawapo ikiwa Their First Misunderstanding ya mwaka 1911, ambayo ilidhaniwa kuwa imepotea kabisa. Mwaka 1999 jina lake liliingizwa katika Njia ya Mashuhuri ya Canada, mjini Toronto.

Malalamiko ya wasanii wa Afrika Mashariki kuhusu malipo madogo na wasambazaji wanaokula jasho lao si mageni masikioni mwetu. Mary Pickford hakuyamaliza matatizo hayo, na hata kampuni yake mwenyewe ilimshinda mwishoni. Lakini aliposimama mbele ya Griffith mwaka 1909, bila elimu ya darasani ya kutajika na familia ya watu watatu ikimtegemea, alijua kazi yake ni ya dola 10 wakati wengine walipokea 5. Nywele zilikatwa zikasahaulika, lakini hesabu ile bado inafaa kufundishwa.